Ukiambiwa Ugonjwa Uko Hatua ya Kwanza

Mama anashuka stendi ya Karatu akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Anaikunja mara mbili, anaisokomeza chini ya kitenge, kisha anatafuta gari la kumrudisha Buger. Ndani mna karatasi moja ya maabara ya patholojia. Juu pameandikwa jina lake na umri, katikati maelezo marefu ya Kiingereza, na chini kabisa mstari ambao daktari alimsomea polepole: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 1B1. Njia nzima neno analolisikia kichwani ni moja tu, saratani. Ile tarakimu na herufi zinazofuata hazimwambii kitu.

Ninaandika kwa ajili ya mama huyo, ambaye si mtu mmoja, na kwa ajili ya wanaomsubiri nyumbani. Buger ni kata ya wakulima na wafugaji upande wa kusini wa Wilaya ya Karatu, inapakana na msitu wa Marang na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Kutoka huko hadi Karatu mjini ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kutoka Karatu hadi Arusha ni kama kilomita 150 za lami, na ukitafuta mionzi Dar es Salaam unaongeza nyingine zaidi ya 600. Umbali huo ni sehemu ya ugonjwa, na yeyote anayetoa ushauri bila kuuhesabu hajawasaidia watu wa huku.

Jambo ninalotaka msomaji alishike ni hili: saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa katika hatua ya kwanza hutibika hadi mtu akapona kabisa. Nafasi hiyo hupotea katika siku zinazokatika kati ya bahasha na tiba, au pale tiba iliyoanzwa vizuri inapoachwa katikati. Kila mwaka zaidi ya wanawake 10,000 wa Tanzania hugundulika na saratani hii na zaidi ya 6,000 hufariki. Sababu kubwa ya vifo vingi kiasi hicho ni kwamba wengi hufika hospitali ugonjwa umeshatoka kwenye mlango wa kizazi na kuenea nyongani.

Kusoma karatasi

Mlango wa kizazi, ambao wengine huuita shingo ya kizazi, ni ile sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayochungulia ukeni. Ndiyo inayofunguka mtoto anapozaliwa. Karibu saratani zote za hapo husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na ambacho wengi wetu, wanawake kwa wanaume, hukipata wakati fulani bila kujua. Kwa kawaida mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikikataa kutoka, hasa aina ya 16 na ya 18 ambazo zinachangia kama asilimia 70 ya saratani hizi, seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika taratibu. Kutoka kuambukizwa hadi saratani kamili hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka, kwa mfano mwenye VVU ambaye hajatumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo wa kirusi na saratani, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Naieleza habari ya kirusi mapema ili mume anayesoma asije akaugeuza ugonjwa wa mkewe kuwa ushahidi wa uzinzi. Kirusi kinaweza kuwa kiliingia kabla ya ndoa, kikanyamaza miaka 20. Na aliyekileta nyumbani anaweza kuwa yeye mwenyewe.

Sasa zile herufi. Madaktari duniani kote hufuata mpangilio wa hatua nne wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2018. Hatua ya kwanza maana yake saratani ingali ndani ya mlango wa kizazi. Imegawanywa zaidi kwa kina na ukubwa. Hatua ya 1A haionekani kwa macho, inaonekana kwa darubini tu: 1A1 imezama ndani kwa milimita zisizozidi 3, na 1A2 imefika kati ya milimita 3 na 5, yaani haijapita unene wa punje ya mtama. Ikizama zaidi ya hapo inaitwa 1B. Uvimbe usiofika sentimita 2, kama upana wa kidole gumba, ni 1B1. Kuanzia sentimita 2 hadi chini ya 4 ni 1B2. Wa sentimita 4 na kuendelea, sawa na limau dogo, ni 1B3. Ukishuka sehemu ya juu ya uke bila kwenda pembeni ni hatua ya 2A, nayo huhesabiwa miongoni mwa hatua za mapema. Ukienda pembeni kuelekea mifupa ya nyonga, hapo ni 2B na kuendelea, na mlango wa upasuaji kwa kawaida umefungwa.

Ndiyo maana karatasi iliyoandikwa "hatua ya kwanza" bila herufi na tarakimu haitoshi. Tofauti ya 1A1 na 1B3 ni tofauti ya kukatwa kipande kidogo na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, au kukaa mjini karibu miezi miwili kwa mionzi. Muulize daktari: "Ni hatua ya kwanza ipi? Uvimbe una sentimita ngapi? Tezi za nyonga zimeangaliwa?" Tezi hizo za limfu huangaliwa kwa picha ya CT au MRI, na pasipo na mashine hizo daktari hutumia vidole vyake vyenye uzoefu, ultrasaundi na picha ya kifua. Maswali hayo matatu si utovu wa adabu. Daktari mzuri hufurahi kuulizwa.

Takwimu za kupona, na namna ya kuzisikiliza

Wataalamu hupima mafanikio kwa kuangalia wangapi wako hai miaka mitano baada ya kugundulika. Wengi hulisikia hilo vibaya, wakadhani wameambiwa wamebakiza miaka mitano ya kuishi. Sivyo. Miaka mitano huchaguliwa kwa sababu saratani hii ikitaka kurudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Aliyevuka mitano bila dalili, kwa sehemu kubwa ameshavuka mto.

Nchini Marekani, ambako rekodi za wagonjwa hutunzwa kwa makini, wanawake waliogundulika saratani ikiwa bado ndani ya mlango wa kizazi, asilimia 91 huvuka miaka mitano. Ikishafika kwenye tezi na viungo vya jirani, wanaovuka ni kama asilimia 60. Ikishasambaa mbali mwilini, hawafiki 20. Kwa hatua ya 1A1 pekee, iliyotibiwa ipasavyo, karibu wote hupona. Takwimu hizo ni za nchi yenye mashine nyingi, ndiyo, lakini saratani ya mama wa Buger haina tabia tofauti na ya mama wa Chicago. Tofauti ni muda na ukamilifu wa tiba, na mambo hayo mawili mgonjwa na ndugu zake wanaweza kuyapigania.

Kisu

Kwa hatua ya 1A1, daktari anaweza kukata kipande cha mlango wa kizazi chenye umbo la koni, akakipeleka maabara, na kingo za kipande zikionekana safi kazi ikaishia hapo. Mfuko wa uzazi unabaki. Mwanamke anaweza kushika mimba tena, ingawa ataambiwa awahi kliniki kwa kuwa hatari ya kujifungua kabla ya wakati huongezeka kidogo. Aliyemaliza kuzaa anaweza kuchagua kuondolewa kizazi kwa upasuaji wa kawaida.

Kuanzia 1A2 hadi 1B2 tiba iliyozoeleka ni upasuaji mpana. Mpasuaji huondoa mfuko wa uzazi pamoja na mlango wake, nyama za pembeni zinazoushikilia, sehemu ya juu ya uke, na tezi za limfu za nyonga. Huu ni upasuaji wa kibingwa, haufanywi kila chumba cha upasuaji. Kwa mkazi wa Karatu, hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC pale Moshi, na kwa Dar es Salaam kuna Muhimbili. Mifuko ya mayai mara nyingi huachwa kwa mwanamke ambaye bado yuko kwenye umri wa hedhi, ili asikome hedhi ghafla kabla ya wakati wake. Hilo nalo liulizwe kabla ya kusaini fomu.

Kwa kijana ambaye hajazaa, mwenye uvimbe usiozidi sentimita 2, upo upasuaji wa kuondoa mlango wa kizazi na kuuacha mfuko wenyewe, ulioanzishwa na Mfaransa Daniel Dargent. Haupatikani kwa urahisi kwetu. Lakini binti wa miaka 27 ana haki ya kujua kwamba upo kabla hajaamua.

Kuna mambo mawili mapya kuhusu kisu ambayo ningependa kila familia iyajue, kwa kuwa yamebadilisha mazoea ya miaka mingi. La kwanza ni la mwaka 2018. Kwa muda mrefu upasuaji wa matundu madogo, unaotumia kamera na vyuma vyembamba, ulisifiwa kuwa wa kisasa, wenye kovu dogo na kupona haraka. Utafiti uliohusisha wanawake 631 katika hospitali 33 za nchi mbalimbali ukaonyesha kinyume cha matarajio: baada ya miaka minne na nusu, waliopasuliwa kwa kufunguliwa tumbo na wakawa hawajarudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 96.5, na wa matundu madogo asilimia 86. Vifo navyo vilikuwa vingi zaidi upande wa matundu. Kwa hiyo ndugu wakichanga fedha kumpeleka mgonjwa Nairobi au India kwa sababu huko "hawapasui tumbo", wajue kwamba kwa saratani hii kovu refu ndilo lililoonyesha usalama zaidi. Nalisisitiza hili kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kilicho ghali na kipya ndicho bora.

La pili ni la mwaka 2024. Utafiti wa wanawake 700 wenye uvimbe mdogo usiozidi sentimita 2, usiozama sana, ulilinganisha upasuaji mpana na ule wa kawaida wa kuondoa kizazi. Baada ya miaka mitatu, ugonjwa ulirudi nyongani kwa takribani asilimia 2.5 ya waliofanyiwa wa kawaida na asilimia 2.2 ya waliofanyiwa mpana, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini waliofanyiwa wa kawaida walipata shida chache zaidi za mkojo. Habari hii ni nzuri hasa kwetu, kwa maana madaktari wanaoweza upasuaji wa kawaida ni wengi kuliko mabingwa wa ule mpana. Sharti lake ni kwamba uvimbe uwe umepimwa vizuri kwanza.

Hapa nina onyo. Wapo wanawake wanaotolewa kizazi kwa sababu ya kutokwa damu nyingi, ikadhaniwa ni vimbe za kawaida, na mlango wa kizazi haukuchunguzwa hata mara moja. Wiki kadhaa baadaye majibu ya maabara yanarudi: saratani. Upasuaji wa namna hiyo huacha ugonjwa njiani na kuifanya tiba inayofuata kuwa ngumu. Mama yeyote anayeambiwa atolewe kizazi kwa ajili ya damu aulize kabla: "Mlango wa kizazi umeangaliwa? Kinyama kimekatwa kikapimwa?"

Mionzi na hesabu ya siku 56

Uvimbe ukifika sentimita 4, au afya ya mgonjwa ikiwa haihimili upasuaji, tiba ni mionzi. Hiyo si tiba ya waliokatiwa tamaa, kama inavyosemwa vijijini. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1997, wa wanawake 343 wenye hatua ya 1B na 2A, uliwagawa wengine kwenye upasuaji na wengine kwenye mionzi. Miaka mitano baadaye walio hai walikuwa asilimia 83 kila upande. Madhara makubwa yaliwapata zaidi waliopasuliwa, na wengi wao walilazimika kupewa mionzi pia baada ya kisu. Ndiyo maana bingwa akimwambia mwenye uvimbe mkubwa kwamba hatampasua, hajamkataa. Anamkinga asiunguzwe na tiba mbili kwa pamoja.

Mwaka 1999 tafiti kadhaa kubwa zilionyesha kwamba mionzi ikiambatana na dawa ya sisplatini, ile dripu ya mara moja kwa wiki, huokoa maisha zaidi kuliko mionzi peke yake. Tangu hapo ndiyo njia ya kawaida. Dawa hiyo hupita kwenye figo, ndiyo sababu damu hupimwa kila wiki na mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi.

Ratiba yenyewe iko hivi. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki kwa takribani wiki tano. Mgonjwa hulala chini ya mashine dakika chache, hasikii maumivu, anarudi alikofikia. Kisha inafuata mionzi ya ndani, mara tatu au nne, ambapo kifaa huwekwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi ili mionzi ipige uvimbe kwa karibu. Wengi huiogopa hii ya ndani na baadhi huikimbia, hasa wakiwa wameona damu imekata na maumivu yamepungua baada ya ile ya nje. Tafadhali mama, usikimbie. Ile ya ndani ndiyo inayommaliza nyoka kichwani.

Yote hayo yanatakiwa yakamilike ndani ya siku 56, wiki nane. Kila siku inayozidi hapo inaipa saratani nafasi ya kuota upya, na nafasi ya kupona inashuka. Ninazijua sababu zinazowatoa watu hospitalini: msiba wa baba mkwe, palizi ya mahindi imefika, mtoto anafanya mtihani, fedha ya chumba imeisha. Sababu hizo ni za kweli kabisa. Lakini zinaweza kupangwa mapema. Ukoo ukae kikao kabla mgonjwa hajapanda basi, waamue nani atapalilia, nani atalala na watoto, nani atatuma fedha ya chakula wiki ya nne, wakati huruma ya mwanzo imeshapoa. Na ukitokea msiba, wazee wamwambie wazi kwamba ameruhusiwa kutokuja. Neno hilo la wazee linaweza kumwokoa kuliko dawa.

Mionzi kwa miaka mingi imepatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na baadaye pia Bugando, Mwanza. Kwa kuwa huduma zinaendelea kupanuka, mkiwa KCMC au Arusha ulizeni kabla ya safari ni wapi pa karibu zaidi pana mashine inayofanya kazi, na foleni ni ya wiki ngapi. Pigeni simu kabla. Nauli ya kwenda kuambiwa "rudi mwezi ujao" ndiyo nauli inayouma kuliko zote.

Kuhusu gharama, mgonjwa asiye na uwezo aombe kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ile ile ya kwanza, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji na barua ya rufaa. Barua ya mtendaji ichukuliwe Buger kabla ya kuondoka, maana kuifuata ukiwa Dar es Salaam ni wiki nzima imepotea.

Kikombe na mizizi

Hatuwezi kuzungumza habari hizi huku kwetu bila kutaja mwaka 2011. Watu kwa maelfu walipanga foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwenye Wilaya ya Ngorongoro, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakitumaini kupona kisukari, UKIMWI na saratani. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Sina neno la kumdhihaki yeyote aliyekwenda. Mtu mwenye maumivu hufuata tumaini lilipo, na ile shilingi 500 ilikuwa ndani ya uwezo wa maskini. Lakini hakuna uthibitisho kwamba kikombe kiliponya saratani, na mwenye saratani ya hatua ya kwanza aliyekaa nyumbani mwaka mzima akisubiri uponyaji angeweza kujikuta hatua ya tatu.

Leo wapo wenye mizizi, wenye maji ya baraka, wenye vidonge vya lishe vya bei mbaya vinavyouzwa kwa semina. Kuombewa kuombewe, hata hospitalini maombi yanafika. Ninachoomba ni kwamba tarehe ya kliniki isisogezwe kwa ajili ya kitu chochote kati ya hivyo. Na usiweke dawa yoyote ya kienyeji ukeni. Inachoma, inatia vidonda, na inamchanganya daktari anayetafuta mpaka wa uvimbe.

Maisha baada ya tiba

Aliyepasuliwa huondoka na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa, maana mishipa ya kibofu huguswa. Miguu inaweza kuvimba miezi baadaye kwa sababu ya tezi zilizoondolewa. Aliyepewa mionzi huweza kukoma hedhi mapema, kupata joto la ghafla, kuharisha au kuona damu kidogo kwenye choo kikubwa. Uke hukauka na kusinyaa, na mambo ya chumbani huwa magumu. Hospitali zinazotoa mionzi hufundisha namna ya kuutanua uke taratibu ili usizibe, jambo linalosaidia pia uchunguzi wa baadaye. Mwanamke wa Kiiraqw aliyelelewa kutotamka mambo haya mbele ya mtu anaweza kurudi nyumbani bila kuuliza. Nesi wa kike akivuta kiti karibu na kusema, "Shikamoo mama, naomba tuongee kidogo mambo ya ndani," na mama akaitika marahaba, basi afungue moyo. Nesi amezoea kuyasikia. Na mume aitwe, asikie kwa masikio yake kwamba saratani hii haimwambukizi na kwamba mkewe anahitaji uvumilivu wa miezi.

Kliniki ya marudio ni kila miezi mitatu au minne kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Wahi bila kusubiri tarehe ukiona damu ukeni, mguu mmoja kuvimba, maumivu ya kiuno yanayoshuka pajani, au kupungua mwili bila sababu.

Kabla ya bahasha

Yote niliyoeleza yana mlango wa mbele ulio rahisi zaidi. Katika kliniki za afya ya uzazi na za huduma kwa wenye VVU hapa nchini, mlango wa kizazi huchunguzwa kwa siki. Mama hulala kitandani, mtoa huduma huufungua uke kwa kifaa kisafi, hupaka siki iliyopunguzwa makali kwa pamba, kisha husubiri dakika moja akimulika taa. Nyama yenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Palipoanza kubadilika hugeuka peupe, kama ukungu kwenye ganda la tunda. Mama husikia ubaridi na pengine mwasho mdogo. Doa hilo jeupe kwa kawaida bado si saratani, na dogo linaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Ataona majimaji kwa wiki chache, na ataambiwa asikutane na mume kwa muda huo.

Kipimo kinawahusu wanawake wa miaka 30 hadi 50, kila baada ya miaka mitatu. Mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25 na apime mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari yake ni kama mara sita ya wengine. Katika vituo vya serikali hakilipiwi. Ikiwa zahanati yako haina huduma hiyo, uliza ni kituo gani cha afya kinayo na siku gani timu hutoka Karatu. Ndugu zetu wa Ngorongoro waulize hospitali ya Endulen au ya Wasso.

Kwa mabinti ipo chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja tu, ikatolewa kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Haizuii uzazi. Shule zikileta fomu, mzazi asaini.

Na wewe mama uliyefikisha miaka 30 ambaye mlango wako wa kizazi haujawahi kuangaliwa na mtu yeyote, nenda wiki hii ungali mzima na huna dalili. Damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu usiokoma ni alama za kwenda kesho asubuhi. Mwambie dada yako mfuatane. Kipimo chenyewe hakizidi dakika kumi.